Mlezi wa kazi, semina au lifti ya bosi: ofisi ya Dar iweke wapi nguvu zake?

Bajeti ya mwaka mpya inapopigwa, mezani kwa ofisa rasilimali watu huwa kuna karatasi mbili. Moja ni proforma ya semina: siku tatu, ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, chakula cha mchana, cheti chenye mhuri. Nyingine ni pendekezo la mpango wa ulezi kazini: wakongwe sita wakabidhiwe vijana sita, wakutane kwa ratiba kwa miezi sita. Hii ya pili haina ankara. Meneja mkuu akizitazama zote mbili, swali lake linatabirika: kwa nini tulipe huku, wakati kule ni bure?

Kule si bure, na mahesabu yake nitayaweka hapa chini. Lakini kwanza kuna njia ya tatu, ambayo haiandikiwi pendekezo kwa sababu tayari ipo katika kila ofisi ya mji huu. Mkubwa fulani kampenda kijana fulani, kamshika mkono, anamfundisha kazi kimyakimya, mara nyingi ndani ya gari anapompa lifti. Hii ndiyo mshindani halisi wa mpango wa ulezi. Semina na ulezi hugombea fungu moja la bajeti, basi. Kazi zao ni tofauti.

Cha ukumbini na cha mezani

Kuna maarifa yanayobadilika kwa tarehe. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, na mengi ndani yake huanza kutumika Julai 1. Chukua tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Ilikuwa asilimia 4.5, ikashuka hadi 4, na mwaka 2023 ikashushwa tena hadi 3.5. Mlipaji alikuwa mwajiri mwenye watu wanne au zaidi; mwaka 2021 idadi hiyo ikapandishwa hadi kumi. Mhasibu mkongwe aliyeacha kusoma anaweza kumrithisha kijana wake viwango vya zamani kwa upendo wote, na adhabu ya mamlaka ya mapato ikaja kwa jina la kampuni. Hapo semina inashinda bila ubishi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023 pia, pale mfumo wa NeST ulipochukua nafasi ya TANePS katika ununuzi wa umma: wakongwe na wageni wote walikuwa wanafunzi, hakuna wa kumlea mwenzake. Huduma ya kwanza na matumizi ya kizima moto yaende huko huko. Mtu akafundishwe na wanaojua, arudi na cheti, kazi iendelee.

Sasa ingia katika ofisi ya wakala wa forodha kule karibu na bandari. Kijana wa nyaraka ana diploma yake, fomu anazijua. Simu inalia, ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Kontena lake halijatoka, gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda kila siku, na sauti yake inapanda nazo. Umwambie nini? Umwambie yote au nusu? Ulipaswa kumpigia wewe jana, kabla hajagundua mwenyewe? Na kati ya ucheleweshaji wa wiki hii, upi ni wa kawaida na upi ni dalili kwamba kuna karatasi iliyokosewa? Hakuna mtoa mada anayeweza kuyaweka hayo kwenye slaidi, kwa sababu jibu linategemea mteja, mzigo na siku yenyewe. Dada aliyekaa meza ya pili, mwenye miaka kumi na mitano ya kazi hiyo, analijibu swali hilo mara kadhaa kwa siku bila kujua kwamba anafundisha. Akijua, akawa anamgeukia kijana baada ya simu na kumuuliza "wewe ungemjibuje?", hapo pana ulezi.

Kathy Kram, mtafiti wa Marekani, aliyachunguza mahusiano ya namna hii kwa jozi 18 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1983. Aliona mlezi anafanya kazi za aina mbili. Moja ni ya kikazi: kufundisha, kumpa kijana kazi zinazompima, kumtaja mbele ya wakubwa, kumkinga anapoteleza. Nyingine ni ya nafsi: kumsikiliza, kumkubali, kuwa mfano wake. Semina inagusa kipande kidogo cha ile ya kwanza na haifiki kabisa kwenye ya pili. Hilo si kosa la semina, ila anayenunua ajue ananunua nini. Ofisi nyingi hupeleka watu kwenye semina ya "kujiamini kazini", ilhali kinachowakosesha kujiamini ni kwamba hakuna mtu mmoja ofisini anayeweza kuulizwa swali la kijinga.

Bei, ile inayoonekana na ile iliyojificha

Tufanye mahesabu ya mfano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, sawa na saa 195 hivi kwa mwezi. Tuseme mlezi analipwa milioni 3 kwa mwezi, kijana 900,000. Saa moja ya mlezi ni kama shilingi 15,400, ya kijana ni kama 4,600. Wakikutana saa nne kwa mwezi kwa miezi sita, ni saa 24 kila mmoja: takribani 370,000 kwa mlezi na 110,000 kwa kijana. Jumla 480,000 kwa jozi moja, bila kuhesabu chai.

Semina ya siku tatu inamtoa kijana huyo huyo kazini kwa saa 27, yaani kama 125,000 za mshahara, juu yake ada. Kwa mfano huu basi, semina yenye ada iliyo chini ya 355,000 kwa kichwa ni rahisi kuliko mlezi! Meneja aliyesema ulezi ni bure afanye hesabu hii kwa mishahara ya kwake. Na tofauti kubwa si shilingi, ni nani anayelipa: ada ya semina inalipwa na kampuni, ila saa za mlezi zinakatwa kwenye siku ya mtu ambaye tayari ana kazi zake. Asipopunguziwa mzigo mahali, atazikata mwenyewe kwenye ulezi. Atasema "tutaonana wiki ijayo", na wiki ijayo itakuwa ya kufunga mahesabu.

Jambo moja kuhusu SDL, maana kuna waajiri wanaoichanganya na bajeti ya mafunzo. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2023, kampuni yenye watu kumi au zaidi na jumla ya mishahara milioni 20 inalipa 700,000 kila mwezi. Hiyo ni tozo, inakwenda serikalini. Kuilipa hakumfundishi mfanyakazi wako yeyote kujibu simu ya Kariakoo.

Lifti ya Bagamoyo

Ulezi usiopangwa katika jiji hili unafanyika wapi? Kwa kiasi kikubwa, kwenye gari. Mkubwa anayekaa Tegeta au Mbezi Beach, njia ya barabara ya Bagamoyo, anatoka mjini jioni, anampa lifti kijana anayekaa njia hiyo, na foleni inawapa saa nzima au zaidi kila siku. Hakuna mpango wa kampuni unaoweza kutoa saa tano kwa wiki za mazungumzo ya faragha na mkuu wa kitengo. Humo ndani kijana anajua kwa nini zabuni ile ilipotea, nani anaondoka, nafasi gani itatangazwa, na namna ya kuandika barua yake. Baadaye akipandishwa, wenzake wanasema kabebwa. Hakubebwa bure, kafundishwa kweli. Wengine ndio hawakufundishwa.

Na matokeo yake ni mazuri, hilo tulikiri. Mwaka 1999, Belle Rose Ragins na John Cotton walichapisha utafiti uliolinganisha ulezi uliopangwa na kampuni na ule uliojitokea wenyewe. Waliolelewa kwa njia ya kujitokea waliwaona walezi wao kuwa na msaada zaidi, na walikuwa wanalipwa zaidi. Sababu haziko mbali. Watu waliochaguana wanapendana, na hakuna anayewapangia tarehe ya kumaliza. Mpango wa kampuni kwa kawaida ni wa miezi sita hadi mwaka. Uhusiano wa kujitokea huenda kwa miaka.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi inalea vizuri zaidi, nitajibu lifti. Ila tazama nani hapandi. Anayekaa Chanika hapandi, wala wa Mbagala au Gongo la Mboto, kwa sababu bosi hapiti huko. Mama mwenye mtoto mchanga anayewahi mwendokasi wa Kimara saa kumi na moja hapandi. Jioni ya Ijumaa kwenye nyama choma hayupo. Asiyekunywa hayupo, au yupo na soda yake akiwaza usafiri. Na msichana wa miaka 25 anayepanda lifti ya meneja wa miaka 50 kila jioni, hata kama wanazungumza ankara tu kuanzia Posta mpaka Tegeta, maneno yatamfikia kabla ya cheo. Wengi wanakataa lifti kwa sababu hiyo, na wana haki. Wakubwa nao wenye busara hawaitoi, kwa sababu hiyo hiyo. Mlango unafungwa pande zote mbili bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya mpango wa maandishi. Sitaki tuudai kwamba unalea vizuri kuliko mapenzi ya asili, maana haulei hivyo. Unawafikia wale ambao mapenzi ya asili yanawaruka. Majina yakiwa kwenye karatasi yenye saini ya uongozi, msichana yule anakutana na mlezi wake saa nane mchana kwenye chumba chenye ukuta wa kioo, na hakuna anayegeuza shingo. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kina programu ya Mwanamke Kiongozi iliyotokana na ushirikiano na shirikisho la waajiri la Norway, NHO. Ni ya mafunzo ya uongozi zaidi kuliko ulezi, ila inatoka kwenye tatizo hilo hilo, kwamba wanawake wenye uwezo wapo na njia za kawaida za kupanda haziwaoni.

Kampuni ambayo walezi wake wa asili tayari wanamfikia kila mtu haihitaji mpango. Sijaiona nyingi.

Mpango unapovunjika

Huvunjika kwa njia chache, na karibu zote zinajulikana kabla ya kuanza.

Ya kwanza na mbaya zaidi: bosi wa moja kwa moja kufanywa mlezi. Inaonekana ni akili, maana ndiye anayemjua kijana. Lakini ndiye pia anayejaza fomu ya tathmini. Ukimwambia bosi wako kwamba ripoti ya robo mwaka hukuielewa, umemsaidia kukupa alama. Kijana atasema "nimeelewa, mzee" miezi yote sita. Tuna adabu zetu pia. Shikamoo inatengeneza umbali, na swali la tatu kwa mtu mzima linaanza kuonekana utovu wa heshima. Mlezi atoke idara nyingine, awe ngazi moja au mbili juu, asiwe na kalamu ya tathmini. Umri ukikaribiana kidogo, mazungumzo yanafunguka haraka.

Ya pili ni ulezi kugeuka utumwa mdogo. Kijana ananunua LUKU, anapeleka fomu benki, anabeba laptopu. Karakana za magari za mtaa wa Gerezani zimelea mafundi wengi kwa utaratibu wa namna hiyo, anayeanza anashika spana na kufagia, na baadhi wamekuwa mafundi hodari mpaka VETA ikawa na utaratibu wa kurasimisha ujuzi wao na kuwapa vyeti bila kurudi darasani. Lakini pale gereji kufagia kunamweka kijana mbele ya injini iliyofunguliwa. Kupanga foleni benki hakumweki mbele ya kitu chochote.

Ya tatu ni kukosa jambo la kuzungumza. Jozi zinakutana mara mbili, zinaulizana habari za nyumbani, basi. Wape kazi halisi ya pamoja: pendekezo moja la zabuni, mteja mmoja mgumu, kikao kimoja ambacho kijana atakiongoza na mlezi akakaa nyuma. Wahandisi wametuonyesha hili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ina mpango wa SEAP ulioanza mwaka 2003, ambapo mhandisi mhitimu anafanya kazi kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, akiandika taarifa za alichokifanya, kabla ya kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Kinachoubeba ni kwamba mwisho wake una maana: bila usajili huwezi kusaini michoro. Madaktari nao wana mwaka wao wa mazoezi hospitalini kwa mantiki hiyo hiyo. Kampuni ya bima au ya usafirishaji haina bodi ya kuisukuma, kwa hiyo inapaswa kujiwekea chake. Kwa mfano, kwamba mwisho wa miezi sita kijana atakabidhiwa wateja watano wa kwake.

Semina ina ugonjwa mmoja tu, lakini ni sugu: Jumatatu inayofuata hakuna anayeuliza ulirudi na nini.

Vipi kuhusu kocha wa kulipwa?

Kwa mkurugenzi mpya au mkuu wa tawi, anafaa, hasa pale ambapo ndani ya kampuni hakuna wa juu yake wa kumweleza ukweli. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza ni anasa, na kocha wa nje haijui ofisi yenu.

Kuna pia ulezi wa kugeuza, kijana kumfundisha mkubwa. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliufanya mwaka 1999 kwa viongozi wake 500, intaneti ikiwa ngeni kwao. Huku kwetu unafanyika kila siku bila jina: mkuu wa idara anamuita kijana amwonyeshe pa kubonyeza. Ukipangwa vizuri unavunja ule umbali wa shikamoo nilioutaja, kwa kuwa kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake. Mimi ningeuingiza ndani ya mpango wa kawaida badala ya kuufanya peke yake.

Basi wewe uchague nini?

Kama ofisi yako ina watu wanane, achana na mpango. Huna walezi wa kutosha nje ya mnyororo wa kibosi, na fomu zitawachosha. Panga mara mbili kwa mwezi kijana akae na yule anayejua zaidi, peleka mtu kwenye semina pale sheria au mfumo unapobadilika, inatosha.

Kama mko kati ya thelathini na mia mbili, hapo mpango unalipa, nao uwe mdogo. Jozi tano au sita mwaka wa kwanza, walezi waliokubali wenyewe. Mlezi asiyetaka ni hasara mara mbili. Angalia waliopo kwenye lifti, kisha anza na wale ambao hawapo. Hapo utapata upinzani, kwa kuwa mameneja watapendekeza majina ya vijana wao wazuri, wale wale ambao tayari wanalelewa. Wakatalie kwa upole.

Kama ni benki au taasisi kubwa yenye matawi, chukua vyote viwili, lakini vifungamane: anayerudi semina akakae na mlezi wake wiki ile ile, waamue kitu kimoja cha kufanya tofauti. Huo ndio utaratibu wa bei nafuu kuliko wote wa kuifanya ada ya semina isipotee.

Usitarajie miujiza kwenye mishahara. Uchambuzi wa mwaka 2004 wa Tammy Allen na wenzake, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba waliolelewa wanatofautiana na wasiolelewa zaidi katika kuridhika na kazi na matumaini ya kupanda kuliko katika fedha na vyeo. Tofauti ya fedha ipo, ila ni ndogo. Mwajiri anayetaka kupunguza watu wanaoacha kazi ana sababu nzuri ya kuanza. Anayetaka mauzo yapande robo ijayo akatafute kitu kingine. Na yeyote atakayekuletea takwimu kwamba walioingia kwenye mpango walibaki kazini kuliko wengine, muulize kwanza kama waliingia kwa kujitolea. Wenye hamu ya kazi ndio hujitokeza, na hao wangebaki hata bila mlezi.

Kwa mfanyakazi mwenyewe anayepewa nafasi ya kuchagua: mwaka wako wa kwanza, chagua mlezi, hata kama cheti kinavutia kwenye CV. Ukishaijua kazi na unataka kuhama fani, chagua kozi. Ukipewa mlezi msiyeelewana, mwambie mratibu kabla mwezi wa pili haujaisha. Mpango uliotengenezwa vizuri una kipengele cha kubadilisha jozi bila kuuliza kosa ni la nani. Kama wa kwenu hauna, omba kiandikwe kabla hujasaini.